Sidii ya Singo

Mama yangu hakupenda kupigwa picha, na mimi hakunipenda sana. Nayaweka hayo mawili mwanzo ili nisionewe huruma kabla ya wakati wake. Picha yake iliyobaki ni ile ya kadi ya kupigia kura, na humo anaitazama kamera kana kwamba imemtukana. Ya mapenzi yake kwangu sina hata kadi.

Aliyependwa alikuwa dada yangu. Nasema kwa kijiba. Sikukificha alipokuwa hai na sitakificha leo. Mama alikuwa msusi wa ukili wa mikeka, akikaa uani kwetu Dunda tangu asubuhi, ukindu mmoja mkononi na mwingine kaubana kwa meno. Akitaka kuniita mimi, aliita tu na ukindu wake ukiwa palepale kwenye meno, maana jina langu ni la kinywa wazi tangu mwanzo hadi mwisho, halina mahali midomo inapokutana. Jina la dada lilianza kwa kufumba midomo, na katikati likafumba tena. Kwa hiyo akimwita dada, mama aliutoa kwanza ukindu, akauweka pajani, ndipo akaita. Mtoto anayaona haya. Mimi niliyahesabu kuwa ni heshima, na nikamchukia dada kwa ajili ya ukindu.

Homa ilimchukua dada mahari yakiwa yameshapokelewa na sare za ukumbini zimeshashonwa. Wazee wa upande wa bwana harusi walikaa na wazee wetu, wakasema hawataki kurudishiwa chochote, wanataka mke. Kwetu alikuwepo mwingine. Wala sikuulizwa, na kama ningeulizwa ningekubali, maana nilikuwa mjinga na nilitaka kwa mara moja nipewe kitu cha dada bila kukiiba. Nikavishwa viatu vya marehemu. Sisemi kwa mfano. Viatu vya harusi vilikuwa vimenunuliwa, mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu, wakanitilia pamba mbele.

Sasa niseme habari ya singo, kwa ambao kwao haipo. Kabla ya ndoa, bwana harusi husingwa, yaani husuguliwa mwili kwa liwa na manukato, naye biharusi husingwa, na usiku wa biharusi ni wa wanawake peke yao. Mabuibui yanatundikwa mlangoni, nywele zinafunguliwa, na kiuno kinafanya kazi yake. Mwanamume hapiti hata uchochoroni. Biharusi mwenyewe hayupo kwenye ngoma. Yuko chumbani, amefunikwa kanga, somo wake kamkalia pembeni akimfunda, na hatoki mpaka mwisho aje kuonyeshwa. Kwa hiyo shughuli yote ni yako na huioni. Wenzako ndio watakaokusimulia.

Usiku wangu umeme ulikatika, wakawasha jenereta, na jenereta wakaiweka chini ya dirisha la chumba nilichofungiwa. Nikasikia mngurumo. Kisha ngoma zikanyamaza, na nje pakawa kimya namna ya watu wanaosikiliza. Somo akachungulia mlangoni, akatoka kabisa, akarudi macho yamelowa. Akasema mama yangu ameshika kipaza sauti, anaimba. Mama, ambaye hakuwahi kuimba hata kubembeleza. Nikamuuliza anaimba nini. Somo akanirekebisha kanga kichwani, akasema, "Tulia. Utasikia kwenye sidii."

Maana tulikuwa na sidii. Siku zile hapakuwa na shughuli bila sidii, na kwa singo alikodiwa mwanamke mwenye kamera, mmoja tu mjini, ili sitara ikae. Mama alimkubalia kwa sharti moja: picha ile isionwe na mwanamume, awe baba, awe mume, awe mtoto wa kiume aliyekwishajua kutazama. Sharti hilo wanawake wote waliokuwepo walilisikia, na wote walilishika, kwa sababu wote walikuwa wamecheza.

Sidii ilipotoka nilikuwa nimeshapelekwa kwa mume, Msata. Deki ya kule ilikuwa sebuleni na shemeji zangu walikuwa sebuleni. Ikabaki kwenye sanduku la mama, ambaye naye hakuitazama; alisema ameshajiona kwenye maji inatosha. Ndoa ile haikuwa ndefu. Mume alinitazama miaka yote kwa jicho la mtu aliyeagiza kitu akaletewa kingine, mwisho akaandika talaka. Nikarudi Dunda na binti yangu mgongoni. Mama alinifungulia mlango, akatazama begi, akaniambia ndoo ya kuogea iko palepale. Ndiyo karibu niliyopewa. Na mwanamke aliyerudi na talaka hakai akatazama harusi yake, kwa hiyo sidii ikaendelea kulala.

Mama alipofariki, matangani kila mwanamke aliyenishika mkono alinipa maneno yaleyale. Usidhani hakukupenda, mwanangu. Siku ya singo yako si aliimba tukalia sote? Nikawa nawauliza, mmoja baada ya mwingine, aliimba nini. Walikumbuka kulia. Walikumbuka nguo aliyovaa, na nani alianguka kwa mori, na pilau lilivyokuwa na chumvi nyingi. Maneno hayakumkaa mtu. Asiyekuwapo na lake halipo, na mimi sikuwapo nikiwa ndani ya nyumba ileile.

Sikuwa na haraka. Nilikuwa karani katika ofisi ya shule, na kompyuta yangu ya mezani ilikuwa na kile kidroo chake cha mbele, unabonyeza kinatoka, unalaza sidii kinarudi ndani. Kila kompyuta niliyoiona ilikuwa nacho. Nani angefikiri kwamba kitu kilicho katika kila nyumba kinaweza kwisha? Nilijiambia nitaitazama siku moyo ukipoa.

Kisha siku moja nilikuwa uani nafua, nikajaribu kukumbuka mama alivyokuwa akiniita, ikakosekana. Maneno nilikuwa nayo, sauti haikuja. Nikajaribu jioni, nikajaribu na kesho yake. Uso nilikuwa nao, mikono nilikuwa nayo, hata harufu ya ukindu uliolowekwa nilikuwa nayo, lakini mama alikuwa bubu. Nikaacha nguo kwenye beseni nikaingia kufungua sanduku. Moyo ulikuwa haujapoa, lakini sasa nilikuwa naogopa.

Kompyuta ya ofisini ilikuwa imeshabadilishwa. Mpya ilikuwa bapa, kioo na kibodi, na nilipomuuliza fundi aliyeileta mdomo wake uko wapi, alicheka mpaka akakaa. Akaniambia vitu hivyo vimekufa, mama, watu siku hizi wanatuma kwa simu. Nikamwambia mimi ninaye aliyekufa ambaye hatumiki kwa simu. Hakuelewa, akaenda zake akiwa bado anacheka.

Binti yangu akaja likizo na laptopu aliyonunuliwa kwa ajili ya chuo huko Dar, nyembamba kuliko kitabu cha juzuu. Nikaipapasa kingo zote nne. Ina matundu madogo madogo ya waya, mdomo haina. Binti akaniangalia ninavyoipapasa, akaniambia taratibu kwamba alizaliwa wakati zipo lakini yeye hajawahi kuitumia hata moja. Nikamwambia hongera.

Nikaenda steshenari ya njia ya sokoni. Kijana mmoja pale alikuwa na kompyuta kuukuu chini ya meza, na kidroo chake kilikuwa kinafunguka. Nilikiona kwa macho yangu kikitoka na kurudi. Akanyoosha mkono, akasema niache sidii, atanihamishia kwenye flashi, nipitie kesho. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuitoa kwenye mkoba. Nikamwambia nataka nifanye mwenyewe yeye akiwa nje. Akauliza kuna nini humo. Nikamwambia kuna mama zake. Kweli walikuwemo, mama mzazi wa kijana yule alikuwemo, kanga kiunoni, akifanya mambo ambayo mwanawe hakutakiwa kuyajua. Kijana akaona anatukanwa. Akasema basi nisubiri mpaka dada yake atakapokuwa zamu, yeye ndiye atakayenifanyia.

Habari zilinitangulia mtaani. Kabla dada mtu hajaingia zamu, alinijia hajjati mmoja jirani yetu, mtu wa kanzu nyeupe na tasbihi, akanikuta jikoni. Tulisalimiana vizuri, akauliza hali ya binti, akasifu sufuria zangu. Halafu akasema amesikia nahangaika na ile sidii, na kwamba yeye yumo humo, na Mungu ameshamsitiri, sasa mimi nataka kumvua nguo. Akasema iteketeze, mwanangu, wengine wameshakufa na wewe unawachezesha. Nikamwambia yeye hajafa, na akinikera nitaibandika msikitini. Hakunisalimia tena mpaka leo, na sijapungukiwa. Lakini alikuwa amekwenda steshenari vilevile. Nilipofika siku ya zamu ya msichana, chini ya meza palikuwa na vumbi la umbo la kompyuta. Wameiuza chuma chakavu, msichana akaniambia, na hakunitazama usoni.

Palibaki duka la mama mmoja wa Kihindi upande wa mji wa zamani, mjane, ambaye zamani alikuwa akiazimisha filamu. Watoto wa mjini wote tulilelewa na rafu zake. Mwanamke, tena peke yake. Nikaona hapo ndipo. Alinikaribisha chai ya maziwa. Akaniambia deki zote amempa mtu wa vyuma, na sidii mwanawe amezitoa kwa magunia, wakulima wamezichukua, wanazitundika mashambani zimulikemulike ndege wasishuke. Alisema hivyo bila masikitiko. Nilipomwonyesha yangu, aliigeuza kwenye mwanga, akasema haina mikwaruzo, ingefaa sana shambani.

Na mama yangu mdogo, mdogo wake mama, alikuwa ameshaniambia vivyo hivyo. Yeye anakaa Miono, ana shamba la mpunga, na ulimi wake ni wa panga. Kila alipokuja kwetu kwa ajili ya kliniki ya miguu, akinikuta na sidii ile, aliniambia nimpe akafukuzie ndege. Alisema mama yangu akiwa hai hakuwa na faida kwa mtu, labda atafaa kwa mpunga. Nilidhani ni utani wake, maana ndivyo alivyo. Kwenye mazishi ya mumewe alisema walau sasa atalala pasipo kukoroma.

Nikapanda basi mpaka Msata kumtafuta yule mwanamke wa kamera, aliyekuwa amehamia huko. Nilimkuta njia panda anakaanga chipsi za wasafiri, kamera alishaiacha, watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Alinikumbuka kwa viatu: wewe ndiye biharusi wa viatu vikubwa. Nikamwomba ule mkanda wa mwanzo. Alisema mikanda alikuwa akirekodi juu ya mingine, shughuli juu ya shughuli, na wangu ulifutwa na harusi ya wiki iliyofuata. Kisha, akigeuza viazi, akasema kazi yangu anaikumbuka kwa sababu aliyekuja kuichukua, mdogo wake mama yangu, alikaa naye mpaka akamaliza, akimwelekeza. Nikafikiri wema gani huo. Nilirudi Dunda na chipsi za bure.

Aliyemaliza kazi ni binti yangu. Likizo iliyofuata alitoka nacho Kariakoo, kitu bapa chenye waya, unakichomeka pembeni mwa laptopu nayo inapata mdomo wa kuazima. Hivyo tu. Muda wote ule nilioomba na kutukanwa na kutukana, kilikuwa dukani. Mama mdogo alikuwa kwetu siku hiyo, ameketi kitandani na miguu yake imevimba. Alipoona tunachomeka, alisema macho yanamuuma, tuache mpaka kesho. Nikamwambia afumbe macho.

Nikafunga mlango, nikatundika kanga dirishani. Sidii ikaingia. Ikazunguka kwa mlio, ikanyamaza, ikazunguka tena, na mimi nikawa naisomea dua. Kisha pakatokea maua ya rangirangi, na majina, na uani kwetu, mwanga wa taa za jenereta, na wanawake. Wamejaa. Nusu yao nimeshawaosha maiti. Hajjati alikuwepo, na hakika alikuwa na haki ya kuogopa.

Muziki ulikuwa wa taarabu ya kinanda, uliopachikwa juu ya picha, kama walivyofanya zote siku zile. Vigelegele huvisikii, ngoma huisikii, unasikia mwimbaji mmoja analalamikia mpenzi. Nikasema moyoni watauondoa mama akifika. Mama akafika. Ametoka upande wa jikoni, gauni la kijani, kichwa wazi, weusi wa nywele ambao nilikuwa nimeusahau. Akapewa kipaza sauti. Wanawake wakanyamaza, niliwaona wakinyamaza. Mama akafungua kinywa, na mwimbaji wa kinanda akaendelea kumlalamikia mpenzi wake.

Binti aliongeza sauti, akapunguza, akachomoa waya, akachomeka. Nikamwambia aache. Mama aliimba mpaka mwisho, kwa muda mrefu, mkono mmoja kifuani, na wale walio mbele wakaanza kujipangusa kwa ncha za kanga. Yote hayo chini ya wimbo wa mtu mwingine.

Nikamgeukia mama mdogo. Hakuwa amefumba macho. Nikamuuliza mama alisema nini, maana yeye alikuwepo mstari wa mbele, namwona pale, mwembamba, analia.

"Alikuombea dua, mwanangu," alisema. "Alikutaja jina. Mara nyingi."

Katika maisha yangu mama mdogo hakuwahi kuniita mwanangu kwa sauti ile. Ilikuwa laini. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwambia binti arudishe nyuma, nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo, nikaacha kusikiliza nikatazama. Nikatazama midomo ya mama. Ikafumba, ikafunguka, ikafumba tena. Akavuta pumzi, akamwangalia nani sijui upande wa mlango, ikafumba, ikafunguka, ikafumba. Kila mwisho wa ubeti. Jina langu ni la kinywa wazi. Hakuna namna ya kuliita midomo ikakutana.

Binti akauliza, "Bibi anasema nini hapo?"

Nikamjibu anamwita dada yangu, yule aliyekufa. Kwenye singo yangu.

Mama mdogo aliisogeza miguu yake, mmoja kisha wa pili, akaketi sawasawa. Ulaini ulikuwa umemtoka, na nikapata nafuu kidogo kuusikia ulimi wake wa siku zote.

"Alimwambia marehemu asamehe wamempa mtu mwingine nafasi yake," alisema. "Akamwambia ya kwamba ungechukuliwa wewe abaki yeye, nyumba ingekuwa na mtu. Wote wakalia, wajinga, na mimi nikalia. Kesho yake nikaenda kwa yule wa kamera nikakaa naye mpaka ameifunika sauti. Nikaona utakufa hujui. Sasa wewe, kila mtu katupa takataka hizi, wewe unazunguka nchi nzima kutafuta mdomo."

Aliniomba maji ya kunywa. Nilimpa. Sikumshukuru, na yeye hakungoja shukrani. Alikunywa, akasema yana ladha ya ndoo.

Binti alitaka kujua kama aihamishe kwenye simu kabla sidii haijaharibika. Nikamwambia ahamishe. Ni picha pekee ya mama akiwa kichwa wazi, na mjukuu wake ana haki ya kujua nywele zake zimetoka wapi. Sidii yenyewe mama mdogo aliondoka nayo Miono, ameitundika kwenye mpunga, na anasema ndege wameongezeka.

Mimi sauti ya mama sikuipata. Zamani nilipokuwa nikiitafuta palikuwa kimya, na katika kimya kile niliweza kujidanganya. Sasa nikiwa uani nafua, nikijaribu kumsikia anaita, anakuja yule mwimbaji wa kinanda, na namwona mama anautoa ukindu kwenye meno, anauweka pajani kwanza.